Finjani ya Ami Mwidani

Likoni nzima, kuanzia kivukoni mpaka Shika Adabu, ilikuwa ishajua kwamba Mwanakheri anaifundisha televisheni kucheza dama. Nani aliyeitoa habari hiyo nje haikujulikana, ingawa Pascalia, mpangaji wake wa chumba cha uani, aliapa kwa Bikira Maria kuwa si yeye, na aliapa kabla hajaulizwa.

Habari yenyewe ilikuwa na ukweli nusu. Haikuwa televisheni. Ilikuwa kompyuta, kibodi nene ya kijivu ambayo kaka yake Bakari, baharia, aliishusha melini mwaka wa themanini na tisa ikiwa imeviringishwa ndani ya blanketi. Ila haikuwa na kioo chake, kwa hiyo ikaazima kioo cha televisheni. Na chochote ulichotaka ikikumbuke, ilibidi ukiweke kwenye kaseti. Kaseti tupu Mwanakheri hakuwa nayo. Dama yake ilikaa upande wa pili wa taarabu ya harusi ya dada yake, na siku mtu akikosea upande akaitia kwenye redio, ukumbi mzima ulijaa milio kama ya paka wawili wanaogombea kichwa cha samaki.

Watu walicheka. Yeye hakuwa na nafasi ya kucheka, maana nyuma ya dama hiyo kulikuwa na chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa kile cha mbele cha nyumba ya marehemu babake, chenye mlango unaofungukia barazani. Ufunguo wake ulikuwa kwa Ami Mwidani, ndugu mkubwa wa marehemu, aliyeufunga kwenye pindo la kikoi chake kama hirizi. Mwanakheri alikitaka kiwe darasa. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ng'ambo, mjini, mpaka ofisi iliponunua kompyuta na kuwapa mkono wa kwaheri wapiga chapa wote. Alirudi na feri mchana huo akiwa na taipureta yake kichwani, na akajiapiza kuwa kitu kilichomtoa kazini atakijua mpaka matumbo, kisha atawafundisha wasichana wa Likoni kabla hakijawafikia na wao. Lakini Garama muuza saruji naye alikitaka chumba hicho kiwe stoo, na Garama alikuwa na maneno matamu.

"Garama ana saruji," Ami alimwambia mbele ya baraza zima. "Wewe mwanangu una nini?"

"Nina kompyuta, Ami."

"Yafanya nini hiyo?"

"Hufanya chochote utakachoiamrisha."

Ami Mwidani akatazama kulia, akatazama kushoto, kuhakikisha kila mtu anasikia. "Basi iamrishe iteze dama! Iteze na mimi mpaka mwisho wa mtezo, kama mtu mwenye adabu zake, isitolewe kwa finjani. Ikiweza, ufunguo wako."

Baraza lilivunjika mbavu. Mwanakheri alisubiri kicheko kiishe, kisha akasema, "Mmesikia nyote?" Na wote walikuwa wamesikia. Neno la mzee likishatoka barazani halirudi mdomoni, na Ami akaanza kukikuna kidevu.

Sasa, hii finjani. Baraza la Ami Mwidani lilikuwa na ada yake. Mchezaji akishika kichwa muda mrefu mpaka watu wakachoka, mtu mmoja hupaza sauti: "Boga, mimina!" Boga, muuza kahawa, alikuwa hapo kila siku na birika lake la shaba na jiko lake dogo la makaa. Humimina finjani moja ya kahawa inayochemka akampa yule mpinzani, naye huinywa. Akishaimaliza na kuifudikiza kwenye sinia kabla wewe hujasogeza kete, umeondoka. Hakuna kubishana. Unainuka, mwingine anakaa, na jina lako linatajwa mpaka Isha. Ami Mwidani alikuwa na koo la chuma. Kahawa iliyowatoa wengine machozi yeye aliinywa kama maji ya mtungini.

Mara ya kwanza mashine ilipokaa mbele ya Ami, haikufika hata kwenye finjani. Ukumbi ulijaa, watoto wakachungulia madirishani, Pascalia akawekwa kwenye ubao kuisogezea mashine vifuniko vyake vya soda, na Mwanakheri kwenye kibodi kuiarifu mashine anachocheza Ami. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kete moja ya Ami ilipofika mstari wa mwisho, ikawa kingi. Akamwinua kingi wake, akamrusha kutoka pembe hii ya ubao mpaka pembe ile, kama anavyoruka kingi yeyote wa pwani. Mwanakheri akaandika. Kwenye kioo kukatokea maneno meupe: HATUA HIYO SI HALALI.

"Yasemaje?" akauliza Ami, ambaye miwani aliiacha nyumbani makusudi.

Hakuna aliyetaka kumwambia. Mwishowe Pascalia, kwa Kiswahili chake cha Machakos kisichojua kupindapinda, akasema, "Mzee, inasema umeiba."

Loo! Mwanakheri alitamani sakafu ifunguke. Kosa lilikuwa lake: kanuni za dama alizinakili kwenye gazeti la kompyuta ambalo Bakari alilileta pamoja na mashine, na katika gazeti hilo la Waingereza kingi hutambaa nyumba moja moja kama mgonjwa. Alikuwa amekulia pembeni ya ubao huu, akiona makingi wakiruka tangu hajaota meno, na bado akaliamini gazeti.

"Mimi! Mwizi! Nyumbani kwa ndugu yangu!" Ami alikuwa ashasimama, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata kisa cha kusimulia mwaka mzima. "Mwanakheri, hiki kitu chako hakijafundwa. Kipeleke unyagoni. Baada ya Idi nampa Garama ufunguo."

"Kabla ya hapo, Ami, mchezo mmoja mwingine. Kingi ataruka, wallahi."

"Mmoja," akasema Ami. "Siku ya pili ya Idi, baada ya alasiri. Na Boga atakuwako."

Kumfundisha kingi kuruka kulichukua siku chache tu. Balaa lilikuja baadaye. Lugha aliyoitumia Mwanakheri iliitwa Besiki, na ndiyo pekee mashine ile iliyoijua: nyepesi kujifunza, nzito kwenda. Mashine haikuielewa Besiki moja kwa moja. Ndani yake kulikuwa na kitu kama mkalimani, na mkalimani mwenyewe hakuwa na kumbukumbu. Mpe mstari mmoja aurudie mara elfu, ataufasiri upya mara elfu, kama hajawahi kuuona. Maadamu kingi alikuwa akitambaa, mkalimani alijikokota akafika. Kingi alipoanza kuruka, na kila mruko una njia zake, na kila njia ina majibu yake, mashine ikawa inaulizwa swali inanyamaza tu. Mwanakheri aliinjika wali, ukaiva, akaupakua, wakala na Pascalia, na kioo bado kilikuwa kimeandikwa NINAFIKIRI.

"Huyu anafikiri ama amelala?" aliuliza Pascalia akilamba vidole.

Alijaribu kila kitu. Alifupisha majina, alifuta nafasi kati ya maneno, alibana mistari miwili ikawa mmoja. Alipata ahueni, lakini si ahueni ya kushinda koo la Ami Mwidani. Akiifanya mashine itazame mbele kidogo tu, ilijibu upesi na ikacheza kama mlevi. Akiiacha itazame mbali, ilicheza kwa akili na ikachelewa. Katikati hapakuwa na mahali pa kusimama. Na kila alipotoka nje alimkuta Garama kapiga magoti, anaupima mlango wa chumba kwa utepe.

Siku moja, alipochoshwa na Garama na utepe wake, alikwenda kujikalisha kwa Nyamvula, aliyekaanga viazi vya karai njia ya Mtongwe. Kwa Nyamvula hukuwa unakwenda kununua viazi tu. Ulikwenda kupata habari, na viazi vilikuja nazo. Mwanakheri alikaa kwenye kibao, akasimulia masaibu yake, na Nyamvula akasikiliza kwa sikio moja huku mikono yake ikienda: akikata, akichovya kwenye unga wa manjano, akitosa mafutani.

Akaja mwanamke mmoja na bakuli. Kabla ya kuagiza akaanza kueleza jinsi shemeji yake alivyorudi kutoka Changamwe na mke wa pili asiyejulikana ametoka wapi. Maelezo yalikuwa marefu. Alipofika mwisho na kusema, "Haya, nipe vya kutosha watu watano, na ukwaju mwingi," Nyamvula alikuwa ashavitia kwenye bakuli na ukwaju ushamwagwa.

Mwanakheri akatoa macho. "Ulijuaje atataka vya watu watano?"

"Sikujua. Huyu ama hununua vya watano, ama vya watatu kama mumewe ana zamu ya usiku bandarini. Vyote viwili nilikuwa nishavitenga." Akacheka. "Sasa we wataka yeye aongee mie nimtazame mdomo? Akiongea ndiyo nakaanga. Ningengoja aagize kwanza, watu wangeshakwenda kwa Kadzo, mkaanga viazi mwenzangu."

Mwanakheri aliondoka bila kuaga. Aliacha hata viazi vyake, na hilo Nyamvula alilisimulia kwa miezi.

Maana alikuwa ameona alipokosea. Zamu ya Ami ilipofika, mashine yake ilikaa bure, imetoa mdomo, inangoja aagize. Na Ami Mwidani zamu yake ilikuwa ndefu kuliko hotuba ya Sikukuu ya Madaraka! Alishika kete hewani akaeleza ukoo wa mtu. Alirudisha kete akauliza bei ya papa. Hakuna aliyethubutu kumwambia Boga ammiminie mpinzani wa mzee. Wakati huo wote ulikuwa wakati wa bwerere, umelala pale ubaoni, na hakuna aliyeuokota.

Alirudi kwenye Besiki akaibomoa nusu yake. Sasa Ami akianza kufikiri, na mashine nayo ianze: ichukue kila hatua anayoweza kucheza, iitafutie jibu, ilitenge kando kama bakuli la watano na bakuli la watatu, huku ikitupia jicho kibodi kuona kama mzee ashacheza. Akicheza, jibu lipo. Ilimchukua Ramadhani karibu yote, kati ya kufuturu na kuosha vyombo, na Pascalia, asiyefunga, akimletea uvumi wa Garama kila jioni.

"Na mzee asipoongea?" Pascalia aliuliza siku moja.

"Pascalia, ushawahi kumsikia Ami amenyamaza?"

"Hapana."

"Basi."

Siku ya pili ya Idi, baada ya alasiri, nyumba ilifurika. Watu walikaa mikekani, wakakaa kwenye vizingiti, wakakaa juu ya mashine ya kushonea. Mwanakheri alikuwa ameiandaa nyumba kama ya posa: visheti, kaimati, sharubati. Kila aliyejulikana kuwa na maneno alialikwa, na wasioalikwa ndio waliotangulia kufika. Nyamvula aliwasili na karai zima. Garama alikuja kavaa shati jipya, akasimama karibu na mlango wa chumba kile.

Ami Mwidani akaketi, akapokea shikamoo zake zote moja moja, marahaba, marahaba, akafungua mchezo. Kisha akafungua mdomo. Alianza na mwezi ulivyoandama, akaingia kwenye walioona mwezi na walioapa kuwa wameuona, akapitia kwa imamu mmoja wa zamani. Alipocheza hatua yake ya pili, Mwanakheri aliandika, na kabla hajainua kidole kioo kikajibu.

Watu wakasema, "Ah!"

Ami akainua nyusi. Akacheza, akaendelea na imamu wake. Jibu likaja papo hapo. Akacheza tena, tena papo hapo. Boga alikuwa amekaa na birika lake mapajani kama mtu aliyekuja msibani akakuta hakuna maiti.

"Kimefundwa," Ami alikubali. "Kimekuwa chepesi. Wamekipa nini?"

Na Pascalia, Mungu amsamehe, kwa furaha tu, akasema, "Ni wewe, mzee! Ukiongea ndio inafikiria!"

Mwanakheri alimtazama Pascalia, na Pascalia akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini lililotoka lilikuwa limetoka.

"Ahaa," akasema Ami Mwidani taratibu. "Kumbe mwaniibia maneno yangu."

"Hakuna kuiba, Ami," Mwanakheri alisema. "Wewe mwenyewe hufikiri zamu ya mwenzako. Ada haikatazi."

Baraza likanong'ona. Ilikuwa kweli, ada haikukataza. Ami akafikiri. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona Likoni: akaubana mdomo wake, akakunja mikono, akanyamaza.

Akacheza hatua bila neno. Mashine ikajibu, kwa kuchelewa. Akacheza upesi. Mashine ikachelewa zaidi. Ami alikuwa ashapata kingi, na yule kingi alitanda ubao mzima kama mwewe. Ami akacheza mara ya tatu, pap, na safari hii kwenye kioo kukabaki NINAFIKIRI, na NINAFIKIRI, na NINAFIKIRI. Ukumbi ulikuwa kimya hata feni ikasikika.

Garama ndiye aliyesema. "Boga. Mimina."

Boga akamimina. Moshi ukapanda. Ami akachukua finjani, akapiga funda la kwanza, na macho aliyomtazamia Mwanakheri hayakuwa mabaya. Yalikuwa ya mtu anayecheza kushinda. Funda la pili. Mwanakheri aliweza kuona ukingo wa kahawa ukishuka. Alijua mkalimani wake yuko wapi huko ndani, anafasiri tena mstari ule ule, masikini, hana habari. Aliwafikiria wale wasichana waliokuja kumuuliza darasa litafunguliwa lini. Funda la tatu.

Nyamvula akapangusa mikono kwenye kanga. "Kimya hiki," akasema kwa sauti ya mtu asiye na neno na mtu, akimgeukia jirani yake mkekani, "chanikumbusha ile harusi ya Shika Adabu. Ile ya harusi mbili siku moja. Wajua wale wa bwana harusi waliingia nyumba siyo, wakala pilau lote la watu?"

"Enhe?" jirani akasogea.

"Wakala, wakamaliza, wakaomba na ndizi. Na aliyekuwa mbele, amewaongoza mpaka ndani, alikuwa Mzee Mwidani huyu huyu."

Finjani ilisimama nusu ya njia.

Ami alifumba macho. Mshipa ulimcheza shingoni. Alijikaza, jamani; lazima tumpe haki yake, alijikaza.

"Na alikula sahani tatu," akaongeza Nyamvula.

"Muongo!" Finjani ikagonga sinia, kahawa ndani yake bado, kwa maana mikono yote miwili ilihitajika. "Muongo mkubwa! Mimi nilikuwa nyuma, na wazee! Aliyetangulia ni Boga! Boga, akilipiga lile tari lake!"

"Mimi?" Boga akaruka, birika nusura limwagike. "Mimi nilifuata kidole chako! Ulisema, nyumba yenye taa ya kijani!"

"Nilisema mlango wa kijani! Taa ilikuwa ya—"

"Taa ilikuwa ya kijani!" wakapiga kelele watu sita kutoka pande zote, maana nusu ya ukumbi ilikuwa imelila pilau lile. Hapo tena hapakuwa na wa kumnyamazisha mwenzake. Ami alisimama akaonyesha kwa mikono barabara ilivyopinda. Boga alisimama akaipindua upande mwingine. Garama alikuwa akisema, "Finjani! Finjani jamani!" na hakuna aliyemjali.

"Mzee," akasema Pascalia kwa unyenyekevu, "imecheza."

Ami akageuka. Mashine ilikuwa imempa kete moja ya bure, katikati ya ubao.

"Yanipa?" Akacheka, bado akihema. "Imechanganyikiwa kwa kelele zenu." Lakini kula ni lazima. Akala, kingi wake akatua kwenye nyumba pekee iliyokuwa wazi, mbele ya kete nyingine ya mashine, na alipotua kicheko kikamkauka. Pascalia alisogeza kete ya mashine juu yake, akamwondoa kingi ubaoni, akaiweka kete ile kwenye mstari wa mwisho. Mashine nayo imepata kingi.

Ami aliketi taratibu. Aliutazama ubao muda mrefu, na mara hii hakunyamaza kwa kusudi. Alikuwa amesahau tu kuongea. Baadaye naye akapata kingi mwingine, kete nyingine zikaliwa, wakabaki makingi wawili peke yao, wakifukuzana kutoka pembe hadi pembe bila kukamatana, na kila mtu aliona kwamba hakuna atakayeshinda.

"Suluhu," akasema Ami Mwidani.

Alilifungua pindo la kikoi. Fundo lilikuwa gumu, la miaka mingi, ikabidi Nyamvula amsaidie kwa meno. Garama alisema ana watu wanamsubiri. Ami akauweka ufunguo juu ya kibodi, kwa uangalifu, asije akabonyeza kitu.

"Ahsante, Ami," Mwanakheri alisema.

"Ile taa ilikuwa nyeupe," akasema Ami. Kisha akainama karibu na kibodi, kama anayemsogelea mtu aliyelala. "Hebu niambie. Ikifikiri hivyo, na sisi twaongea, yasikia?"

"Haisikii kitu, Ami."

Ami Mwidani akatikisa kichwa, akaisikitikia kweli. "Maskini," akasema. "Na harusi ile ilikuwa nzuri." Akamwashiria Boga ammiminie finjani mpya, akavuta kigoda mpaka mlangoni mwa chumba cha mbele ili aone vizuri kitakapofunguliwa, na akaanza kumsimulia Pascalia, ambaye hakuwako kwenye harusi ile, yote tangu mwanzo.